Amplifaya ndogo kwa spika za baiampu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara kwa watu wanaotaka kujiundia amplifaya ya wati chache kwa spika za njia mbili, yaani wufa (spika ya besi) iwe na amplifaya yake na twita (spika ya trebo) iwe na yake. Ili kuelewana vizuri, mfano ni mmoja kuanzia juu hadi chini: chaneli nne za chipu ya LM1875, wati 15 hivi kila chaneli kwenye spika ya omu 8, na krosova inayogawa sauti karibu na hezi 2,400. Nimechukulia kwamba unajua kulehemu, unasoma mchoro wa saketi, na una multimita.

Baiampu ni kitu gani hasa?

Kwenye spika ya kawaida, amplifaya moja hubeba sauti yote mpaka ndani ya boksi. Humo ndani kuna krosova ya koili, kapasita na rezista inayopeleka besi kwa wufa na trebo kwa twita. Kwa hiyo ugawaji unafanyika baada ya amplifaya, mahali ambapo mkondo umeshakuwa mkubwa.

Kwenye baiampu ya kweli, ugawaji unahamia kabla ya amplifaya, ishara ikiwa bado ndogo na rahisi kuichuja kwa opampu, yaani chipu ndogo ya kukuzia ishara. Kila amplifaya hupewa fungu lake tu, kisha huungwa moja kwa moja na spika yake. Stereo ya njia mbili basi inataka chaneli nne.

Spika zangu zina nati nne za waya kwa nyuma. Si ndiyo baiampu hiyo?

Nati nne zinakuruhusu kuunga amplifaya mbili, lakini krosova ya ndani inabaki palepale. Amplifaya zote mbili zinapokea sauti nzima, na koili zinaendelea na kazi yake. Faida ipo, ila ni ndogo, na binafsi sioni sababu ya kuunda chaneli nne kwa ajili ya faida hiyo.

Ukiamua kufanya hivyo, ondoa kwanza vile vipande vya shaba vinavyounganisha nati za juu na za chini. Vikibaki, milango ya kutolea sauti ya amplifaya mbili itakuwa imeungana yenyewe kwa yenyewe, na chipu inaweza kuungua ndani ya sekunde chache.

Wati 15 zitanifikisha wapi?

Mbali kuliko unavyodhani. Chukua spika inayotoa desibeli 87 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Kila unapozidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na mara kumi unapata 10. Wati 15 zinakufikisha karibu desibeli 99 kwa spika moja, na spika ni mbili. Chumbani, muda mwingi utakuwa unatumia chini ya wati moja. Hizo zilizobaki ni za vilele: pigo la ngoma, sauti ya mwimbaji inapopanda ghafla.

Na hapa ndipo baiampu inapolipa. Fikiria noti ya besi yenye kilele cha volti 10 na noti ya juu yenye kilele cha volti 10, zikipigwa pamoja. Amplifaya moja inayobeba zote mbili inatakiwa ifike volti 20, kwa sababu vilele hujumlishana. Volti 20 za kilele kwenye omu 8 ni wati 25. Ukizigawa, kila amplifaya inahitaji volti 10 tu, yaani wati 6.25. Mbili za wati 6.25 zimefanya kazi ya moja ya wati 25.

Muziki halisi haugawanyiki sawasawa hivyo. Juu ya hezi 2,400 nguvu ni kidogo ukilinganisha na chini, kwa hiyo usitegemee nafuu hiyo yote. Lakini kuna faida nyingine ambayo masikio huisikia haraka: besi ikizidi na amplifaya ya wufa ikaanza kukata vilele, takataka za trebo zinazozaliwa na ukataji huo hazifiki kwenye twita. Sauti ya mwimbaji inabaki safi wakati ambapo amplifaya moja ingekuwa imeshaanza kukwaruza.

Nitumie chipu ipi?

LM1875 kwa wanaotaka saketi rahisi isiyosumbua. Ina pini tano, vifaa vya pembeni vichache, na inavumilia hadi volti 60 kati ya chanya na hasi. TDA2030 na TDA2050 zina mpangilio uleule wa pini, kwa hiyo bodi moja inaweza kuzipokea zote, mradi uangalie kikomo cha volti: TDA2030 ya kawaida inaishia volti 18 kila upande. LM3886 ni nzuri sana na ina pini ya kunyamazisha, ila ni kubwa kuliko mahitaji ya mradi huu.

Chipu bandia ni nyingi mno. Ukiona maandishi yanafutika kwa kidole chenye spiriti, au bei iko chini kupita kiasi, achana nayo. Nunua kwa muuzaji anayejulikana kwa vifaa vya elektroniki hata kama utasubiri.

Bodi za klasi D (amplifaya zinazofanya kazi kwa kuwasha na kuzima kwa kasi) zilizokwisha kuundwa, kama zile za TPA3116D2, nazo zinafaa, na nimeziwekea swali lake chini.

Krosova naihesabu vipi?

Hii ndiyo roho ya kazi nzima, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Aina ninayoipendekeza ni Linkwitz-Riley ya daraja la nne. Siegfried Linkwitz na Russ Riley walikuwa wahandisi wa Hewlett-Packard, na Linkwitz aliieleza kwenye jarida la Audio Engineering Society mwaka 1976. Inashusha desibeli 24 kwa kila oktava. Pale inapogawa, wufa na twita kila moja iko chini kwa desibeli 6, na kwa kuwa zinakwenda kwa fezi moja, zikijumlishwa zinarudisha kiwango kilekile. Twita inapata ulinzi mzuri dhidi ya besi, na ujumlishaji hauachi shimo wala nundu.

Kila tawi linaundwa kwa vichujio viwili vya Butterworth vya daraja la pili, kimoja kikifuata kingine. Kila kichujio ni saketi ya Sallen na Key ya mwaka 1955: opampu moja isiyokuza, rezista na kapasita. Sharti lake ni uwiano wa mbili kwa moja. Kwenye kichujio cha besi, rezista mbili zinalingana, na kapasita inayorudi kutoka mlango wa kutolea wa opampu hadi katikati ya rezista iwe mara mbili ya ile inayokwenda ardhini. Kwenye kichujio cha trebo mambo yanageuka: kapasita mbili zinalingana, na rezista inayokwenda ardhini iwe mara mbili ya ile inayorudi kutoka mlango wa kutolea wa opampu.

Chagua sasa kiloomu 4.7 na nanofaradi 10. Kwa besi: rezista mbili za kiloomu 4.7, kapasita moja ya nanofaradi 10 ardhini, na mbili za nanofaradi 10 zikiwa sambamba ili zitoe 20. Kwa trebo: kapasita mbili za nanofaradi 10, rezista moja ya kiloomu 4.7, na mbili za kiloomu 4.7 zikifuatana ili zitoe 9.4. Vichujio vyote vinaangukia hezi 2,394. Uzuri wake ni kwamba krosova nzima ya stereo inakamilika kwa rezista 20 na kapasita 20 za thamani moja moja. Huhitaji kutafuta thamani za ajabu ajabu, na huwezi kuchanganya.

Nunua zaidi ya hizo 20, pima kapasita moja moja, kisha zipange makundi yanayokaribiana. Kapasita ya asilimia 5 inaweza kuwa 9.6 au 10.4, na tofauti hiyo kati ya kushoto na kulia inasumbua kuliko kukosea hezi 2,394 yenyewe. Tumia kapasita za filamu au za kauri aina ya C0G. Kauri za X7R ziache, maana thamani yake hubadilika kadiri volti inavyobadilika, na huko ni kuharibu sauti.

Ukitaka kugawa mahali pengine, badilisha rezista tu. Kiloomu 5.6 inakupeleka hezi 2,010, kiloomu 3.9 karibu 2,890, kiloomu 3.3 karibu 3,410. Kanuni ya kuanzia: usigawe chini ya mara mbili ya mlio wa asili wa twita. Twita yenye mlio wa asili wa hezi 1,000 isipewe kitu chini ya hezi 2,000.

Opampu ngapi, na zipi?

Kila upande unataka vichujio vinne na opampu moja ya kupokelea ishara mlangoni, jumla tano. Pande mbili ni kumi, na kwa kuwa kila NE5532 ina opampu mbili ndani, unahitaji NE5532 tano. TL072 nayo itafanya kazi, lakini ina kelele zaidi: nanovolti 18 kwa kipimo ambacho NE5532 ina 5. Kwenye twita iliyoungwa moja kwa moja na amplifaya, utaisikia tofauti hiyo chumba kikiwa kimya.

Weka potenshomita ya voliumu kabla ya krosova. Moja ya njia mbili, kiloomu 10, aina ya logi, inatawala chaneli zote nne.

Kwa nini twita inatoa shhh hata muziki ukiwa umezimwa?

Kwenye spika ya kawaida kuna rezista zinazopunguza twita, na zinapunguza pia kelele za amplifaya. Ukiziondoa, kila kelele ndogo inafika kwenye twita ikiwa nzima.

Dawa ni kukuza kidogo. LM1875 inatulia ikikuza kuanzia mara 10. Michoro mingi huweka mara 21, yaani rezista ya kurudisha ishara ya kiloomu 20 juu ya ile ya kiloomu 1. Lakini wati 15 kwenye omu 8 ni takriban volti 11, na vyanzo vingi vya dijitali hutoa hadi volti 2. Ukuzaji wa mara 21 maana yake voliumu yako itakuwa inafunguliwa kiduchu tu maisha yake yote. Weka kiloomu 10 juu ya kiloomu 1, upate mara 11: volti 1 ikiingia, umefika mwisho wa nguvu. Kelele inapungua karibu nusu bila kupoteza chochote. Kuwa na rezista ndogo za kiloomu 4.7 kwenye krosova badala ya 47 nako kunasaidia, kwa sababu rezista kubwa huzaa kelele zake zenyewe.

Umeme niupange vipi?

Transfoma ya volti 15-0-15 yenye VA 80 hadi 100, daraja la daiodi, na kapasita ya mikrofaradi 4,700 ya volti 35 kila upande. Ukiiwasha utapata karibu volti 20 chanya na 20 hasi wakati wa kazi, na zaidi kidogo ikiwa imepumzika. Watu hupenda kuweka 18-0-18 ili wapate wati za ziada. Fanya hesabu kwanza: transfoma ndogo isiyo na mzigo hupanda kwa asilimia 10 au zaidi, na umeme wa ukutani nao unaweza kupanda kwa asilimia 10. Unaweza kujikuta umegusa volti 60, ambazo ndizo kikomo cha LM1875. Wati tatu au nne za nyongeza hazistahili hatari hiyo.

Opampu zipe volti 15 kila upande kupitia regyuleta za 7815 na 7915. NE5532 tano zinakula takriban miliampea 40 kwa jumla, kwa hiyo regyuleta hazihitaji hitisinki. Angalia pini vizuri. 7815 inakwenda: ingizo, ardhi, toleo. 7915 inakwenda: ardhi, ingizo, toleo. Zimefanana kwa umbo, na mgongo wa chuma wa 7815 ni ardhi ilhali wa 7915 ni ingizo la volti hasi. Zikigusana migongo, umeunga volti hasi na ardhi.

Upande wa umeme mkuu hauna mzaha. Weka fyuzi ya kuchelewa kabla ya transfoma, swichi inayokata waya wa moto, na waya wa ethi ulioungwa kwa bolti kwenye boksi la chuma. Kila mahali palipo wazi pafunikwe. Kama hujawahi kufanya kazi na umeme wa ukutani, mwite anayeijua akae nawe, au tumia adapta iliyofungwa kama ilivyoelezwa kwenye swali la klasi D.

Hitisinki iwe na ukubwa gani?

Kwa volti 20 kila upande na omu 8, chipu moja inaweza kutoa joto la wati 10 ikiwa katika hali mbaya zaidi ya mawimbi, pamoja na karibu wati 3 inazokula hata ikiwa kimya. Chipu za twita haziwezi kufika huko kwa muziki wa kawaida. Hitisinki moja ya digrii 2 kwa wati inazitosha chipu zote nne majumbani, ikiwekwa mapezi yake yakiwa wima na hewa inapita.

Mgongo wa LM1875 umeungwa na volti hasi. Weka karatasi ya maika au ya silikoni kati ya kila chipu na hitisinki, na bushi ya plastiki kwenye skrubu. Kisha pima kwa multimita kati ya mgongo wa kila chipu na hitisinki, kabla ya kuwasha. Lazima isome kwamba hakuna njia kabisa.

Niilinde vipi twita?

Swali hili nalipenda, kwa sababu ndilo linalookoa fedha. Wufa inaweza kuvumilia kishindo cha kuwasha. Twita ina koili ya waya mwembamba kama unywele, na ikipewa volti chache za DC kwa muda mfupi tu, imekwisha. Kwenye spika ya kawaida kapasita ya krosova huzuia DC bila mtu kuifikiria. Ukiondoa krosova hiyo, umeondoa na mlinzi.

Mrudishe. Weka kapasita moja kati ya amplifaya ya twita na twita yenyewe: mikrofaradi 33 kwa twita ya omu 8. Inaanza kupunguza kwenye hezi 600 hivi, oktava mbili chini ya mgawanyo, kwa hiyo haigusi hesabu ya krosova kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Mikrofaradi 47 inaigusa kwa uchache zaidi, ukipenda. Iwe ya filamu, au ya elektroliti isiyo na chanya na hasi. Elektroliti ya kawaida haifai hapa.

Kuna wanaosema kapasita hiyo inaharibu uzuri wa kuunga moja kwa moja. Naelewa wanachotafuta. Mimi bado naiweka kwenye kila twita, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo mpaka awe na saketi ya rilei inayokata DC ambayo ameijaribu mwenyewe.

Kebo za spika zichaguliwe vipi?

Unene wa kawaida unatosha. Kinachohitaji akili ni koneka. Kukosea na kuunga amplifaya ya wufa kwenye twita ni njia ya haraka kabisa ya kuiua, kwa hiyo tumia koneka ambayo haikubali kukosewa. Speakon ya nguzo nne ni nzuri: 1+ na 1− kwa wufa, 2+ na 2− kwa twita, kebo moja kwa kila spika.

Mara ya kwanza kuwasha, nifuate hatua gani?

Usiunge spika yoyote. Unga balbu ya zamani ya waya, wati 40 au 60, mfululizo na waya wa moto. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na mambo yako sawa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna mahali pameungana.

Pima volti chanya na hasi za chipu zote, kisha volti za opampu. Baada ya hapo pima DC kwenye kila mlango wa spika. Milivolti 50 au chini ya hapo ni vizuri; ukiona zaidi ya 100, tafuta tatizo kabla ya kuendelea. Wakati huo huo gusa chipu kwa uangalifu. Ikiwa moja inapata moto bila spika wala muziki, huenda inatetema kwa masafa ya juu ambayo hutayasikia. Angalia kama umeweka kapasita za mikrofaradi 0.1 karibu kabisa na pini za umeme, na ile rezista ya omu 1 na kapasita ya mikrofaradi 0.22 kwenye mlango wa kutolea wa kila chipu.

Kabla ya kuunga twita, jaribu krosova peke yake. Cheza sauti ya hezi 2,394 kutoka kwenye kompyuta, pima volti za AC zinazoingia kwenye krosova, kisha pima tawi la besi na tawi la trebo. Yote mawili yawe sawa, na kila moja nusu ya iliyoingia. Multimita ya bei nafuu haisomi sahihi masafa hayo, lakini kwa kuwa unalinganisha masafa yaleyale, uwiano bado unakwambia ukweli. Tawi moja likiwa tofauti sana, kuna rezista au kapasita iliyokaa mahali pasipo pake.

Spika ya kwanza kuungwa iwe ya zamani usiyoihitaji.

Kiwango cha twita nakiwekaje?

Anza na karatasi za watengenezaji. Wufa ikiwa ya desibeli 87 na twita ya 91, punguza twita kwa desibeli 4, yaani ishara yake iwe mara 0.63. Potenshomita ndogo ya kiloomu 10 kabla ya kila amplifaya ya twita inafanya kazi hiyo. Kisha pima kwa maikrofoni na programu ya Room EQ Wizard, ambayo ni ya bure.

Kuna jaribio moja ambalo halidanganyi. Geuza waya za twita, chanya iwe hasi, halafu pima. Kama krosova na mpangilio wa spika viko sawa, utaona shimo refu lililochongoka karibu na hezi 2,400. Shimo likiwa la kina na limekaa katikati, jua wufa na twita zinafika pamoja. Rudisha waya, na shimo litajaa. Likiwa la kina kidogo tu au limehama, mara nyingi ni kwa sababu wufa imekaa nyuma zaidi ya twita, au viwango havilingani.

Nikiondoa krosova ya spika zangu nzuri za dukani, zitakuwa bora?

Si lazima. Krosova ile haikugawa tu. Mhandisi aliitumia pia kurekebisha tabia za wufa, kupunguza twita, na kufidia besi inayopotea kuzunguka boksi. Upotevu huo unategemea upana wa boksi: gawa 115 kwa upana kwa mita. Boksi la sentimita 20 linaanza kupoteza karibu na hezi 575, na chini ya hapo upungufu unaweza kufika desibeli 6 sehemu iliyo wazi. Ukiweka krosova yangu ya hapo juu bila marekebisho hayo, spika itasikika nyembamba na kali. Ama ongeza saketi ya kufidia kwa opampu moja zaidi, ama anza na spika unazoziunda mwenyewe.

Vipi kutumia DSP (chipu inayochuja sauti kidijitali) badala ya opampu?

Ni njia nzuri, hasa kwa atakayependa kurekebisha mara kwa mara. Chipu ya ADAU1701 ina milango miwili ya kuingiza na minne ya kutoa, kamili kwa stereo ya njia mbili, na inakupa ucheleweshaji ambao opampu haziwezi kwa urahisi. Ila kosa dogo la programu linaweza kupeleka besi yote kwenye twita, kwa hiyo kapasita ya ulinzi inakuwa ya lazima.

Naweza kutumia bodi za klasi D na betri?

Ndiyo. TPA3116D2 inakubali volti 4.5 hadi 26, inapata joto kidogo, na adapta ya kompyuta mpakato ya volti 19 inaiendesha vizuri. Kwa betri ya volti 12 na omu 8 utapata wati 7 hivi kila chaneli. Bodi mbili za stereo ndizo chaneli zako nne.

Jambo la kushika: chipu hizi hutoa sauti kwa mtindo wa daraja, waya wa hasi wa spika si ardhi. Usiunganishe hasi za spika pamoja wala na boksi, na usitumie kebo ya waya tatu yenye hasi moja ya wote. Krosova ya opampu nayo itahitaji volti chanya na hasi, au ardhi ya bandia katikati ya volti zilizopo.

Kuna mvumo. Nianzie wapi?

Sikiliza aina yake. Mvumo mzito laini ni wa masafa ya umeme wenyewe, hezi 50 au 60 kutegemea nchi, na kwa kawaida hutokana na mzunguko wa ardhi au waya wa ishara uliopita karibu na transfoma. Mlio mkali unaokereza ni wa mara mbili ya hapo, 100 au 120, na hutokana na mkondo wa kujaza kapasita kupita kwenye ardhi ya ishara.

Kwa huo wa pili, chagua nukta moja ya ardhi. Waya wa katikati wa transfoma na kapasita kubwa viungane kwanza, halafu kutoka hapo waya mmoja mfupi uende kwenye nukta hiyo, ambako ardhi za spika, za bodi na za krosova zinakutana kila moja kwa waya wake.

Kwa ule wa kwanza, toa kebo ya kuingizia na ufunge mlango kwa kipande cha waya. Mvumo ukiisha, tatizo liko kwenye kifaa kinacholeta muziki au kwenye kebo yake. Usikate waya wa ethi wa boksi kutafuta ukimya, hata kwa dakika moja. Mvumo ukibaki, na transfoma ni ya duara, chomoa umeme, legeza bolti, izungushe kidogo, kaza, washa, sikiliza. Rudia mpaka upate pembe tulivu zaidi, na hakikisha kichwa na mkia wa bolti hiyo havigusi chuma cha boksi pande zote mbili, maana hapo utakuwa umeifungia transfoma waya mmoja uliofupishwa.